Kurasa za mitihani zisikatwe kwa kubahatisha

Msimu wa mitihani haupiti bila kuletewa karatasi ambayo swali la saba limebaki chini ya ukurasa wa pili, ilhali majibu yake, A hadi D, yamehamia ukurasa wa tatu. Mtahiniwa, ambaye dakika zake zinahesabiwa, hulazimika kupindua karatasi huku na huku. Naona kwamba lawama hapa si ya mashine bali ni ya mazoea.

Mazoea yenyewe yametokana na taipureta. Mpiga chapa wa zamani aliiona karatasi ikipanda mbele ya macho yake, akajua mstari wa mwisho uko wapi. Tarakilishi haina karatasi. Mwalimu anayebonyeza Enter mara kumi ili kichwa kihamie ukurasa mpya huwa ameunda aya kumi tupu, basi. Sentensi moja ikiongezwa juu, au faili ikifunguliwa katika afisi isiyo na fonti ile ile, aya hizo husogea pamoja na maandishi mengine, na kichwa hujikuta katikati ya ukurasa.

Dawa imo ndani ya programu zenyewe, iwe Microsoft Word au LibreOffice Writer, nayo ni mtindo wa aya: jina moja linalopewa aya za aina moja, pamoja na masharti yake. Mtindo wa vichwa vya sura ukiagizwa uanze ukurasa mpya kila mara, mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu hana haja ya kuhesabu mistari. Aongeze, apunguze, kila sura itaanza inapostahili. Vichwa vidogo navyo hupewa sharti la kutotengana na aya inayofuata.

Katika mtihani, swali na majibu A, B na C yapewe sharti hilo hilo, lakini D lisipewe. D nalo likifungwa, litashikamana na swali la nane, nalo la tisa, hadi mnyororo uzidi ukurasa na programu ikate popote.

Inasikitisha kwamba mafunzo mengi ya tarakilishi humaliza muda katika kukoleza herufi na kuzipaka rangi. Wapo watakaosema kuwa mwalimu wa historia hana wakati wa mambo haya. Hata hivyo, kazi hii hufanywa mara moja tu: mmoja katika idara atayarishe faili ya mfano yenye mitindo hiyo, wenzake wainakili. Yafaa ifanywe likizoni, kabla karatasi za muhula ujao hazijaanza kuchapwa.