Kopo Lolote Halitoshi



Katika mkutano wetu wa mwezi wa Machi ilitolewa rai kwamba msimu huu wa joto kila nyumba ifiche kopo lake nje, ili watoto wapate kuyasaka. Nyumba zilizokubali zilikuwa kumi na tisa. Mimi peke yangu niliinua mkono kupinga, na kwa kuwa chai ilikuwa imekwisha kumiminwa, sikupata nafasi ya kueleza sababu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitwa mzee asiyependa watoto wacheze. Naomba basi nijieleze hapa.

Kwa jamaa zetu walioko Mombasa, Unguja na Maskati, ambao kitabu hiki huwafikia kwa mkono wa wasafiri, yafaa niseme kwanza mchezo wenyewe ni upi. Wazungu huuita jiokashingi; watoto wetu wa Spånga huuita kusaka kopo, na jina hilo ndilo nitakalolitumia. Mtu huficha kopo mahali panapofikika na watu wote, ndani yake akatia daftari dogo na pengine vikorokoro vya kubadilishana. Kisha hutangaza mahali hapo kwa namba za satalaiti, na wengine hufuata namba hizo kwa simu zao za mkononi. Anayeliona kopo huandika jina lake na tarehe, akalirudisha pale pale alipolitoa. Mchezo ulizaliwa Marekani mwaka 2000. Mwanzoni mwa Mei mwaka ule serikali ya huko iliondoa kosa ililokuwa ikilitia makusudi katika namba wanazopata raia, na siku chache hazikupita: tarehe 3 Mei bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo ya plastiki katika jimbo la Oregon, na ndani yake, pamoja na vitu vingine, manati na kopo la maharagwe. Siku hizi chakula kimepigwa marufuku, kwa sababu ambayo mimi nilijifunza kwa aibu, kama nitakavyosimulia.

Uwanja wa kusakia hatuna haja ya kuufuata mbali. Järvafältet, ambayo kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ilikuwa ardhi ya mazoezi ya jeshi, leo ni malisho, msitu na njia za baiskeli, na ukitoka kanisa la kale la Spånga kwa miguu hufiki mbali kabla hujaingia katika majani. Ni hapo, upande wa Eggeby, ndipo mwaka 2016 nilipoficha kopo la kwanza la jamaa zetu. Naliita kopo kwa heshima tu. Lilikuwa boksi la aiskrimu la lita mbili, ambalo wajukuu walikuwa wamelimaliza siku ya Idi.

Siku ile tulikwenda watu kumi na wanne, na Bi Mkubwa wetu alikuwamo, akitembea kwa fimbo yake na kulalamika juu ya mbu. Watoto waliandika majina yao. Yeye alipopewa kalamu alikaa juu ya gogo, akaandika mistari mitatu kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni utotoni kwake Unguja, halafu akacheka peke yake. Tulimwomba atusomee, akakataa. Alisema, "Yangojeni, mtayasoma mkiwa wakubwa." Wapo miongoni mwetu wanaoweza kusoma herufi hizo, lakini hakuna aliyethubutu kuchungulia, na hakuna aliyepiga picha. Tulifikiri kwamba daftari lipo.

Bi Mkubwa alifariki mwaka 2021. Majira ya kuchipua ya mwaka 2023 mjukuu wake mkubwa, ambaye sasa anasoma herufi za Kiarabu vizuri kuliko mimi, aliniomba twende tukasome mistari ile. Tulilikuta boksi mahali pake. Mfuniko ulikuwa umepasuka pembe mbili, ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai, na daftari lilikuwa limekuwa uji. Wino wa kalamu ya kawaida ulikuwa umeacha doa la samawati, basi. Kijana hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa mtanielewa nikisema kwamba swali la kopo gani litumike si swali la watoto. Anayeficha kopo anawaambia watu: andikeni humu, nitawatunzia. Boksi lile nililichagua kwa kuwa lilikuwa tupu na lilikuwa karibu, na nyumba nyingi kati ya zile kumi na tisa zimekwisha kuanza kuweka kando mabunda yao ya siagi na aiskrimu kwa sababu iyo hiyo.

Wengi wetu tunadhani adui wa kopo ni mvua. Mvua ni sehemu ndogo. Adui mkubwa hapa Uswidi ni joto kupanda na kushuka, kwa maana kopo linapumua. Hewa iliyofungiwa ndani kwa joto la nyuzi 20 ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri hupungua nguvu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Kopo huvuta hewa kutoka nje ili kujaza pengo hilo, na kama mfuniko umezungukwa na theluji inayoyeyuka, huvuta maji badala ya hewa. Likipata joto la mchana husukuma hewa nje, lakini maji hubaki. Fanya hesabu ya siku ambazo huku kwetu baridi huvuka sifuri na kurudi, kuanzia Novemba hadi Aprili, utaona kopo linakunywa kidogo kidogo msimu mzima bila ya kuzamishwa mahali popote. Tena maji yakiganda hutanuka, kama sehemu moja ya kumi na moja hivi, na tone lililokaa katika ukingo wa mfuniko huupanua ukingo huo kila linapoganda. Ndiyo maana glasi isitumike kamwe, hata chupa ya jemu yenye mfuniko mzuri.

Kisha kuna plastiki yenyewe. Pinduza chombo utazame chini, utakuta pembetatu ya mishale yenye tarakimu. Penye 5, yaani polipropilini, ndipo pana tatizo: inastahimili maji ya moto jikoni lakini ikikaribia nyuzi sifuri huanza kuwa kavu na kuvunjika. Masikini masanduku ya chakula yenye vibano vinne na mpira wa silikoni, ambayo kina mama wanayasifu na mimi nayasifu, mara nyingi yametengenezwa kwa plastiki hii. Mpira wake ni mzuri sana na hubaki laini katika baridi, ila vibano hukatika pale pembeni vinapojikunja, na kibano kimoja kikikatika sanduku zima limekwisha. Penye 2, yaani polietilini nzito, pana chombo cha kuaminika zaidi. Baridi yetu haikisumbui. Chupa nene za mdomo mpana zenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha, kama zile zinazouzwa kwa wapanda mlima na wapiga makasia, aghalabu ni za aina hii.

Kwa kopo dogo kabisa mimi sina tena shaka. Kipo kijichupa ambacho viwandani ndicho chupa ya soda kabla haijapulizwa: mrija mnene wa plastiki wenye tarakimu 1, urefu wa sentimita 13 hivi, na mfuniko ule ule wa soda. Umetengenezwa kuzuia gesi isitoke, basi maji yataingilia wapi? Ndani huingia karatasi iliyoviringwa na kalamu fupi ya risasi. Kinauzwa kwa bei ndogo na wenye kuuza vifaa vya mchezo huu.

Kikopo cha filamu ya kamera, kinyume chake, kimesifiwa kupita haki yake. Wazee wenzangu wanavyo vingi makabatini tangu siku za kupiga picha za harusi, na wanaona raha kuvipatia kazi. Mfuniko wake ulitengenezwa kufunguka kwa kidole gumba. Haukutengenezwa kukaa chini ya theluji miezi minne. Nimefungua vingi sana njia ya Akalla na Hästa, na karatasi kavu ni nadra. Vile vyeupe vinavyoona ndani, ambavyo mfuniko wake huzama ndani ya mdomo, ni afadhali kidogo kuliko vyeusi. Kopo la ugoro wa Waswidi sitalizungumzia. Bati la biskuti hushika kutu, sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa hilo.

Mtu mmoja alisema mkutanoni kwamba Wamarekani hutumia masanduku ya chuma ya risasi za jeshi, na kwamba hayo hayaingii maji. Kweli kabisa, yana mpira mzito na kibano cha chuma. Lakini fikirini ndugu zangu: sanduku la risasi, limefichwa chini ya mzizi, katika ardhi iliyokuwa ya jeshi! Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kisanduku cha plastiki tu kilichofichwa karibu na mkahawa kilidhaniwa kuwa bomu, barabara ikafungwa na wataalamu wa jeshi wakakilipua. Sisi wenye majina kama yetu hatuutaki umaarufu huo. Chombo chetu kiwe kinaonyesha kilichomo, au nje yake kiandikwe wazi ni cha nini na ni cha nani.

Niliahidi kusimulia aibu yangu. Baada ya msiba wa daftari nilinunua sanduku jipya la vibano, na nikakumbuka namna mama zetu wanavyotia punje za mchele katika kidude cha chumvi ili isishikane kwa unyevu. Nikatia mchele katika kitambaa, gramu mia hivi, wa basmati. Panya wa shambani walitoboa pembe ya sanduku kabla ya mwezi kwisha. Walikula mchele wote, na daftari wakalifanya kitanda. Kwa hiyo msitie mchele, wala peremende za watoto, wala sabuni ya kunukia. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinafaa, lakini vikisha kushiba unyevu havina kazi, na vinahitaji mtu wa kuvibadilisha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yangu hasa. Makopo kumi na tisa ni mengi mno kwetu. Sheria za mchezo zinataka kopo na kopo zipishane mita 161, na haziruhusu kuchimba shimo, na mengineyo ambayo vijana watayasoma wenyewe. Hayo yote tunaweza kuyatimiza. Tusiloweza ni kuyatembelea makopo kumi na tisa mwezi wa Februari. Haki ya kutembea popote katika maumbile, ambayo Waswidi wameiandika hata katika katiba yao tangu mwaka 1994, inakwenda pamoja na wajibu wa kutoharibu, na boksi la siagi lililopasuka kando ya kijito cha Igelbäcken ni taka, hata kama ndani yake mna jina la mjukuu wangu. Sitaki mgeni wa mahali hapa apate sababu ya kusema taka ile ni yetu, na sitaki awe amesema kweli.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kuwa watoto hawajali daftari, wanajali kulipata kopo. Wakishalipata wamefurahi, na yaliyobaki ni huzuni za wazee. Sikatai kwamba mtoto wa miaka saba hajali. Yule kijana aliyekwenda nami Eggeby alikuwa mdogo siku ile ya gogo, naye alikuwa akirusha misonobari mikavu majini wakati bibi yake anaandika.

Rai yangu ni makopo manne. Moja upande wa Solhem, moja Bromsten, mawili Järvafältet, na kila moja nyumba nne au tano zikilishika kwa zamu, mara moja kila baada ya miezi mitatu. Chombo kiwe cha tarakimu 2 au kijichupa cha soda. Kining'inizwe au kiegemezwe juu ya ardhi, mdomo ukitazama chini, mbali na vibonde ambavyo theluji huvijaza maji. Kalamu iwe ya risasi, kwa kuwa wino hukataa kuandika katika baridi na hutoka katika maji, ilhali risasi haitoki. Na kila anayekwenda kwa zamu yake apige picha ya kila ukurasa kabla ya kufunga.

Kabla ya kukificha, kila chombo kijaribiwe. Tia ndani karatasi laini ya kufutia pua na jiwe la kukizamisha, kiache karibu na rejeta saa nzima kipate joto, kifunge, kisha kizamishe katika ndoo ya maji yenye barafu mpaka asubuhi. Ikipona karatasi, kilaze chombo katika friji la kugandisha usiku wa pili na ukiangushe sakafuni mara tatu kingali kimeganda. Mimi nimejaribu vyombo kumi na moja kwa njia hii na vilivyofaulu ni vitatu. Mwenye chombo anachokiamini akilete Jumamosi yoyote baada ya adhuhuri; ndoo iko barazani kwangu, na barafu ipo.