Magari ya umeme Rubavu: Bei nafuu bila kituo ni fimbo ya mbali

Tangu mwaka 2021 Rwanda imepunguza kodi na ada ili kuvutia magari ya umeme. Hata hivyo, dereva anayetoka Kigali kwenda Gisenyi hajiulizi sana umeme unauzwa kwa bei gani. Anachojiuliza ni wapi ataupata kabla betri haijamwishia.

Barabara ya Kigali hadi Gisenyi, wilayani Rubavu, ina urefu wa takriban kilomita 155. Inapanda milima ya Rulindo na Gakenke, inapita Musanze chini ya safu ya volkano, kisha inateremka hadi ukingo wa Ziwa Kivu. Gari dogo la umeme hutumia kwa kawaida uniti 15 hadi 20 za umeme kwa kila kilomita 100, na kwenye miinuko likiwa limejaa abiria hutumia zaidi. Kwenda na kurudi ni kilomita 310, kwa hiyo dereva anahitaji uniti kati ya 46 na 62, pengine zaidi. Mwenye betri ya uniti 60 atarudi Kigali roho juu. Mwenye betri ya uniti 40 hawezi kurudi asipochaji njiani au Gisenyi kwenyewe.

Unafuu unamfikia nani?

Mwezi Aprili 2021 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha mpango mpana wa kuhimiza usafiri wa umeme. Magari yanayotumia umeme pekee yaliondolewa ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kodi ya ongezeko la thamani iliwekwa kuwa sifuri kwa magari hayo, betri zake na vifaa vya vituo vya kuchajia. Serikali iliahidi pia ardhi yake bila kodi ya pango kwa wanaojenga vituo, na umeme usiozidi ada inayolipwa na viwanda vikubwa.

Ahadi hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa. Katika viwango vilivyotangazwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, mwaka 2020, kiwanda kikubwa kililipa faranga 94 kwa uniti kabla ya kodi, ilhali mwenye nyumba anayevuka uniti 50 kwa mwezi alilipa faranga 249. Ada zilipandishwa tena Oktoba 2025, lakini tarakimu hizo zinatosha kuonyesha ukubwa wa upendeleo uliokusudiwa.

Hata hivyo, upendeleo huo unamhusu mwenye kituo pale anaponunua umeme kutoka gridi ya taifa. Haumaanishi kwamba dereva atauziwa kwa bei ile ile. Kati ya faranga 94 na bei inayoonekana kwenye chaja kuna gharama ya mashine, transfoma, matengenezo, mlinzi, mkopo wa benki na faida. Mahali penye vituo vingi, ushindani huisukuma bei chini. Penye kituo kimoja, mwenye kituo ndiye mwenye kauli.

Hata bei ikipanda, umeme bado unashinda

Kwa safari ya Kigali na Gisenyi kwenda na kurudi, gari la petroli linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 linahitaji karibu lita 25. Katika mwaka 2024 lita moja ya petroli nchini Rwanda iliuzwa kati ya faranga 1,500 na 1,800. Kwa hiyo safari hiyo ilimgharimu dereva si chini ya faranga 37,000. Gari la umeme linalotumia uniti 60 kwa ada ya nyumbani ya wakati huo, faranga 249, lingegharimu chini ya faranga 15,000. Hata kama kituo cha kuchaji kwa kasi kingeuza uniti kwa faranga 400, gharama ingekuwa faranga 24,000.

Maana ya hesabu hii ni kwamba dereva anaweza kulipa mara kadhaa ya ada ya kiwandani na bado akabaki na faida. Kinachomrudisha nyuma ni hofu ya kukwama, pamoja na muda. Chaja ya kawaida ya kilowati 7 huhitaji saa nane hivi kujaza uniti 56. Chaja ya kasi ya kilowati 50 hufanya kazi hiyo kwa zaidi kidogo ya saa moja. Kwa mtalii aliyelala hotelini saa nane si tatizo. Kwa dereva wa teksi ambaye riziki yake inahesabiwa kwa idadi ya safari, saa nane ni siku nzima ya kazi iliyopotea.

Kwa nini mwekezaji anasita?

Vituo vingi vya Rwanda vimejikita Kigali, na sababu yake ni ya kibiashara. Tuchukue mfano wa chaja ya kasi inayohudumia magari mawili kwa siku, kila moja likichukua uniti 40. Mwenye kituo akipata faranga 150 juu ya kila uniti, mapato yake ni faranga 12,000 kwa siku, kiasi kisichofikia dola 10. Mashine ya aina hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa mwendo huo, mashine ya dola 30,000 ingechukua karibu miaka kumi kurudisha fedha zake, bila kuhesabu gharama nyingine. Magari kumi kwa siku yangebadilisha hesabu yote. Lakini magari hayaji kwa sababu kituo hakipo, na kituo hakijengwi kwa sababu magari hayaji.

Rubavu ina mzigo wa ziada. Ni wilaya ya mpakani, jirani ya mji wa Goma ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wakati makombora yalipoanguka hata upande wa Rwanda na kuua raia. Mwekezaji anayepima mahali pa kuweka mashine ghali hawezi kulipuuza jambo hilo.

Ajabu ni kwamba wilaya hii si maskini wa nishati. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu inazalisha umeme Rubavu kwenye mtambo wa Shema Power Lake Kivu, uliojengwa kwa uwezo wa megawati 56. Umeme huo unaingia katika gridi ya taifa, na wenye magari wa Gisenyi wanaupata kwa masharti yale yale ya wengine wote.

Funzo kutoka kwa jirani

Kenya ilichukua njia tofauti kidogo. Mwaka 2023 mamlaka yake ya nishati, EPRA, iliweka ada maalumu ya usafiri wa umeme: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kawaida, na shilingi 8 katika saa za usiku ambapo matumizi ni madogo. Ada kama hiyo ingeufaa mji wa hoteli kama Gisenyi. Chaja za kawaida zisizo ghali zingehudumia wageni wakiwa usingizini, na chaja chache za kasi zingebaki kwa wenye haraka mchana.

Hilo halitatosha peke yake. Punguzo la ada linamnufaisha zaidi yule mwenye wateja tayari, yaani kituo cha Kigali. Wilaya za mbali zinahitaji msaada unaolenga mahali: ardhi ya umma karibu na kituo cha mabasi cha Rubavu na pale Musanze, mchango wa serikali katika gharama ya transfoma, na sharti kwamba anayepokea msaada huo aweke angalau chaja mbili na kuzitengeneza upesi zinapoharibika. Chaja moja mbovu mwishoni mwa kilomita 155 haina tofauti na kutokuwepo chaja. Plagi nazo zahitaji kuangaliwa, kwani magari yaliyoundwa kwa soko la China hutumia plagi ya GB/T, tofauti na ile ya magari ya Ulaya.

Tangu Julai 2025 magari ya mseto, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yamerudishiwa sehemu ya kodi, huku ya umeme pekee yakibaki na msamaha. Serikali inamsukuma mnunuzi aiache petroli kabisa. Dereva wa Gisenyi anayekopa benki ili aitikie wito huo ana haki ya kutarajia kwamba atakapofika nyumbani betri ikiwa imebakiza kidogo, atakuta mahali pa kuijaza. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na chaja zilizopangwa safu Kigali, hata ziwe za bei nafuu namna gani, hazitamfikisha safari yake ya kesho.