Mtambo Usiolala Hula Akiba ya Usiku



Juma lililopita tulipokea barua kutoka Homa Bay. Mwandishi wake ni mama mmoja mzaliwa wa Lamu, aliyehamia bara na mumewe kwa ajili ya biashara, na baada ya kufiwa akabaki huko kulea wanawe. Ana duka dogo kando ya barabara iendayo Mbita. Huchapa nyaraka, hutoa nakala, na huwajazia vijana maombi ya vyuo na ya mikopo ya masomo kwa njia ya intaneti. Duka halijafikiwa na umeme wa gridi. Tegemeo lake ni paneli ya sola na betri moja. Katika barua hiyo hakuuliza swali lolote. Alituomba tu tuwasimulie wengine yaliyomfika, "wasije wakauza walichonacho kabla ya kumjua anayewamalizia."

Tumeona kisa chake kina faida kwa kila nyumba iliyo na mtandao, nasi tunakisimulia kwa idhini yake.

Duka hilo liliwahi kuvunjwa usiku, na tangu hapo mama aliweka kamera ya ulinzi ipelekayo picha katika simu yake nyumbani. Kwa hiyo kompyuta ndogo inayopokea mtandao kutoka mnarani na kuugawa dukani haizimwi. Lakini kila siku, kabla ya adhana ya alfajiri, kamera ilikuwa imekwisha kuzimika. Muuza betri alimwambia hana budi kununua ya pili. Fedha hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni bangili mbili za dhahabu alizovishwa na mamake siku ya harusi. Akazifunga katika kitambaa, kisha akampigia simu mwanawe, fundi wa kompyuta mjini Migori, amtafutie sonara mwaminifu.

"Mamangu," kijana alimjibu, "nakuomba unisubiri mpaka Jumamosi. Tusiilaumu betri kabla ya kumjua anayeila."

"Haya, mwanangu. Lakini Jumamosi isipite."

Jumamosi akapanda matatu kupitia Rongo, akafika na kipimo chake cha umeme. Hesabu aliyoifanya ni nyepesi, na kila mwenye sola anaweza kuifanya. Betri ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 50. Ukizidisha unapata wati-saa 600. Betri ya risasi na asidi haifai kunywewa zaidi ya nusu, isije ikachakaa upesi. Basi akiba halali ya usiku ni wati-saa 300. Vifaa vyote vya usiku vilikula wati 28. Gawanya 300 kwa 28: unapata saa 10 na dakika 40 hivi. Jua likitua saa 12 jioni, akiba inakwisha saa 10 na dakika 40 za usiku. Betri haikuwa mbovu. Ilikuwa ikitoa kila ilichokuwa nacho.

Kilichomshangaza ni kwamba ulaji ule haukupungua hata saa 8 za usiku, ambapo hakuna mteja wala picha inayopita. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Naye akaanza kumtafuta mchovyaji. Akampata: ni kadi ya mtandao iliyomo ndani ya kompyuta.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo. Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta huhitaji programu ya kukiongoza, nayo mafundi huiita draiva, yaani dereva. Chombo chaweza kuwa na gia tano, lakini dereva asiyejua ila gia moja atakwenda nayo hiyo hiyo kutoka Homa Bay hadi Migori. Ndivyo ilivyokuwa kwa kadi ile. Kitabu cha maelezo ya chipu yake kilieleza wazi kwamba inayo hali ya kula umeme mdogo. Aliyeiandika draiva ya mfumo wa Linux hakuwahi kuiandikia amri ya kuingia katika hali hiyo. Kipawa kilikuwamo, ila hakikuwa na wa kukitumia. Na hasara haikuishia katika kadi, kwani kifaa kimoja kinachokesha huweza kuuzuia ubongo wa kompyuta nzima usiingie katika usingizi mzito.

Linux ina sifa moja inayomfaa mtu wa kipato kidogo: maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha, tangu Linus Torvalds alipoyatoa mwaka 1991. Kijana akayasoma usiku kadhaa akiwa Migori, akaongeza sehemu iliyokosekana, na Jumamosi iliyofuata akaiweka dukani.

Usiku ule mambo yaliharibika zaidi. Betri ilidumu, lakini picha hazikufika. Mama alikesha akiitazama simu yake, na asubuhi akamwambia mwanawe kwa upole, "Afadhali ile iliyokuwa ikifa alfajiri, mwanangu. Hii imekufa tangu isha."

Kosa lilikuwa la adabu, kama alivyolieleza yeye mwenyewe. Katika mtandao wa Wi-Fi, kadi inayotaka kulala hutakiwa kwanza kuuaga mnara. Ikishaaga, mnara huuweka ujumbe wake amana, na takriban mara 10 kwa kila sekunde hutoa tangazo fupi la kuwataja wenye amana zao. Kadi huzinduka kwa kitambo kidogo, husikiliza, na ikisikia imetajwa huchukua chake; isipotajwa hurudi kulala. Kadi ya kijana ililala bila kuaga. Mnara, ukidhani iko macho, uliendelea kuiletea ujumbe, nao ukapotea njiani. Alirekebisha mpangilio huo: kuaga, kulala, kuzinduka kwa wakati, kusikiliza. Ulaji ukashuka kutoka wati 28 hadi 22. Zidisha 22 kwa saa 12: ni wati-saa 264. Akiba ya 300 ikafika asubuhi na kubakisha.

Ni wati 6 tu. Lakini hizo ndizo zilizozirudisha bangili mkononi.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la vijiduka tu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, hapa kwetu, na tangu hapo nuru inayobeba mazungumzo yetu husafiri kwa nyuzi za kioo hadi Nairobi na kuendelea mpaka miji ya upande wa Ziwa. Katika vituo vya nyuzi hizo mna vijisehemu vinavyogeuza umeme kuwa nuru na nuru kuwa umeme, na vilivyo vikubwa huweza kula wati 10 na zaidi kila kimoja. Navyo pia vina hali mbili, ya umeme mwingi na ya umeme mdogo. Mwaka 2021 watengenezaji wa Linux waliongeza njia ya kumwezesha msimamizi kuchagua: ama kijisehemu kikae katika umeme mwingi daima, ama kipande pale tu mlango wake unapofunguliwa na kushuka unapofungwa. Miongoni mwa draiva za kwanza kuipokea njia hiyo ni ya swichi za NVIDIA. Hata wenye mitambo mikubwa, basi, wamelazimika kuifundisha kupumzika.

Nasi Afrika Mashariki hatukuwa nyuma katika fikra hii. Mwaka 2013 wabunifu wa Nairobi waliitangaza BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri yake ndani, kilichokusudiwa kuendelea kwa saa 8 umeme unapokatika. Walianza na swali ambalo wengi wa ughaibuni hawakulazimika kuliuliza: umeme usipokuwapo, itakuwaje?

Lakini usingizi una gharama yake. Anayelala huchelewa kuitika. Kijisehemu cha nuru kilichoshushwa huweza kuchukua sekunde kadhaa kupanda tena, na kadi ya Wi-Fi inayosinzia huongeza ucheleweshaji mdogo katika kila ombi. Kwa hiyo kijana hakuiacha kadi ilale saa zote. Mchana, wateja wanapopanga foleni na maombi ya chuo yanakaribia kufungwa, huwa macho kabisa. Duka likifungwa, huruhusiwa kusinzia. Programu imepewa uwezo, ila uamuzi wa saa umebaki kwa mwenye duka, maana yeye ndiye ajuaye ni lipi linaloumiza zaidi kwa wakati gani.

Ombi letu kwa wazazi ni dogo. Kabla ya kununua betri ya pili au paneli kubwa zaidi, kipimeni kwanza kinachokula usiku, mkiulize kila kifaa kinafanya kazi gani saa 8 za usiku, na mumwombe fundi aangalie kama kinaweza kupumzika. Israfu nyingi za siku hizi hazionekani kwa macho, kwa sababu hazitoi moshi wala sauti. Na mkiwa na kijana nyumbani anayekesha mbele ya kompyuta, msikimbilie kudhani anapoteza muda. Huenda anasoma kitu kitakachowaokolea dhahabu.

Kijana wa Migori aliwapelekea wasimamizi wa Linux kazi yake, ili mwenye kadi kama ile popote alipo asisumbuke tena. Wamemrudishia mara mbili kwa masahihisho, naye yuko katika masahihisho ya tatu. Mamake anatuambia hajakata tamaa: "Husema wanaomsahihisha hawamwoni, lakini wanamfundisha." Bangili, alimalizia, zinamsubiri mkwe atakayekuja.