*UPELE SI UCHAFU WA KINA MAMA*



Kwenye mkutano wa mtaa wiki iliyopita, kina mama waliuliza kuhusu watoto waliorudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya upele. Ofisa mmoja akasimama akawajibu: "Ogesheni watoto wenu." Basi, yakaishia hapo. Kina mama wakainamisha vichwa. Sisi viongozi wa tawi tulikuwapo na tukanyamaza. Kwa ukimya ule tunaomba radhi, na leo tunajibu.

Upele unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Sabuni haimtoi. Anahama ngozi kwa ngozi, watu wakigusana kwa muda, kama watoto wanne wanaolala godoro moja. Hata anayeoga mara tatu kwa siku ataupata akilala na mwenye nao. Huu ni ugonjwa wa msongamano, na msongamano hakuuleta mama.

Tufanye hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Chukua nyumba ya vyumba 6, kila chumba watu 4. Jumla watu 24. Mtoto mmoja anapelekwa zahanati, anaandikiwa dawa ya kupaka, dirishani anaambiwa imekwisha, mama anainunua duka la dawa. Mtoto anapata nafuu. Wale 23 hawakutibiwa. Na anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anaambukiza wenzake. Baada ya muda mtoto yuleyule anajikuna tena, mama ananunua tena. Hiyo ni hasara inayojirudia, na anayeilipa ni mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Tena si muwasho tu. Ngozi iliyokwaruzwa inaingia bakteria, inatunga usaha, na kwa baadhi ya watoto madhara hufika kwenye figo.

Tunaambiwa kutibu watu wote haiwezekani. Si kweli. Wengi wetu hapa Dar es Salaam tulimeza dawa za matende na mabusha zilizogawiwa mitaani. Mojawapo ni ivamektini, na hiyo inaua pia mdudu wa upele. Zanzibar walipoanza kugawa dawa hizo kwa wananchi mwaka 2001, wagonjwa wa upele waliofika vituoni walipungua sana miaka iliyofuata. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Njia inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai.

*Tunadai:*
1. Diwani apeleke hoja kwenye baraza: nyumba nzima itibiwe siku moja, bila malipo, na irudiwe kama wataalamu wanavyoelekeza.
2. Mtoto aliyeanza dawa apokelewe shuleni, asiaibishwe.
3. Fedha za tawi zilizotengwa kwa fulana za mkutano zinunue dawa ya kuanzia, chini ya usimamizi wa mganga wa zahanati.

Tunajua diwani ni wa chama chetu. Hilo halimfutii deni, linaliongeza. Na kwa wanaosema chama si hospitali: kura tuliziomba kwenye nyumba hizohizo, tukakaa kwenye mikeka hiyohiyo.

Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Kucha tunazo, ndugu zetu. Tumechoka kujikuna.

Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Dai la 3 litapigiwa kura, na daftari la mapato na matumizi litakuwa mezani. Mwenye upele naye aje, hatatengwa.

Asiye na simu janja asomewe ujumbe huu.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji._