Umbali Haupimwi kwa Kilomita Pekee

Mwalimu wa jiografia hufundisha kwamba kati ya Nairobi na Mombasa pana kilomita zipatazo 480 kwa barabara. Ndege huukata umbali huo kwa muda wa saa moja hivi. Treni ya haraka ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, huchukua takriban saa tano.

Je, mkazi wa Miasenyi ahesabuje? Ndege humpita juu, na treni ya haraka humpita mbele ya macho. Humfaa ile ya asubuhi tu, isimamayo vituo vya njiani. Akiikosa, hurudi barabarani kungoja matatu.

Basi maendeleo yasipimwe kwa dakika waziokoazo wasafiri wa miji mikuu pekee. Kukaa kando ya reli si kuwa karibu na safari.