Juni 30 ya Kongo na wawili wasio na kaburi

Katika historia ya Kongo hakuna tarehe iliyobeba mengi kama Juni 30.

Siku hiyo mwaka 1960, mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuja kukabidhi uhuru, na katika hotuba yake akammiminia sifa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeanzisha ukoloni nchini Kongo. Rais Joseph Kasavubu akajibu kwa upole. Waziri Mkuu Patrice Lumumba hakuwamo kwenye ratiba ya wasemaji, lakini alisimama. Mbele ya mfalme akataja ujira usiotosha kulisha watoto, ardhi iliyoporwa kwa jina la sheria, na sheria yenyewe iliyombagua mweusi.

Miezi saba haikutimia. Januari 17, 1961, Lumumba alipigwa risasi jimboni Katanga, na polisi na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Baadaye mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali, na Gérard Soete, polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo, akabaki na jino lake.

Juni 30, 1966, Rais Mobutu, aliyemtia mbaroni Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa. Juni 30, 2003, baada ya miaka ya vita, ikatangazwa serikali ya mpito yenye makamu wanne wa rais. Mwaka 2020, tarehe hiyohiyo, Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliandika barua ya kusikitikia maovu ya ukoloni. Miaka miwili baadaye jino la Lumumba, lililokabidhiwa kwa familia yake mjini Brussels ndani ya kisanduku cha buluu, lilizikwa Limete, Kinshasa, baada ya jeneza kupitishwa kijijini kwao Sankuru, Kisangani na Katanga. Ilikuwa Juni 30, 2022.

Heshima hiyo Lumumba alistahili, tena ilichelewa mno. Lakini usiku ule wa Katanga hakuuawa peke yake. Waliuawa pia Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Wote watatu walipandishwa ndege moja, wakapigwa humo njiani, na miili yao ikaishia kwenye tindikali ileile. Wawili hawa hawana hata jino la kuzikwa.

Serikali ya Kinshasa haihitaji kibali cha Brussels kulirekebisha hili. Kila Juni 30 majina yao yasomwe pamoja na la Lumumba, na vitabu vya shule vieleze walikuwa nani na walikuwa na kazi gani serikalini. Ubelgiji nayo iendelee kudaiwa nyaraka zote za mauaji hayo, kwa niaba ya familia tatu.