Muyaka Asibandikwe Sura ya Kubuni

Sarafu ya shilingi 100 inayopita mkono hadi mkono sokoni Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ina sura ya ng'ombe. Wenyeji wa Mbarara, wanaojivunia ng'ombe wao wa pembe ndefu, hawana neno.

Karne mbili zilizopita mambo ya pwani yalikuwa kichekesho. Enzi za Sultani Seyyid Said, fedha iliyoaminika Zanzibar ilikuwa riale yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, kajitanda mtandio wa ujane. Bibi huyo alifariki mwaka 1780, na pwani hii hakuwahi kuiona. Hata hivyo riale ziliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule, kwa kuwa wafanyabiashara walizoea sura ile na hawakutaka nyingine.

Wakati huohuo huko Ufaransa, mchongaji David d'Angers alikuwa akiwakusanya watu mashuhuri wa zama zake kwenye medali za shaba, kila mmoja kwa sura ya upande. Alitengeneza zaidi ya 500. Mwaka 1829 alisafiri hadi Weimar kumfuata Goethe, mshairi aliyekwisha kuwa mzee. Alitaka kumwona kwa macho yake kwanza, ndipo amchonge.

Mombasa nayo ilikuwa na mshairi: Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Hakuacha picha. Kilichomwokoa ni vichwa vya watu. Mashairi yake yalikaririwa hadi miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua alipoyakusanya. Huku bara, Kabaka Suna II wa Buganda, aliyefariki mwaka 1856, naye anakumbukwa kwa kaburi lake la Wamala, si kwa picha.

Basi shule ikitaka kuwaenzi watu hao, isimwombe fundi achore mzee yeyote mwenye ndevu na kilemba kisha amwite Muyaka. Huo ni uongo, hata ukimiminwa kwa shaba. Jina lake kwa hati za Kiarabu, walizoandikia Waswahili wa zama zake, linatosha.

Walio hai ni habari nyingine. Udongo wa mfinyanzi si ghali, na sura za wazee zipo; waombwe ridhaa, wakae, wafinyangwe. Mtu aliyeingia Nakivale ilipoanzishwa mwaka 1958, akiwa na miaka 10, leo anakaribia 80. Walimu wa Kashojwa waanze na huyo, muhula huu.